Kilomita 500 na Ngazi Tatu

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu, katika ukumbi wa shule. Tunayachapa kama alivyotukabidhi. – Mhariri)



Katibu wa chama aliponiandikia kuniomba nizungumze, alipendekeza nieleze namna ya kuyashinda matatizo ya maisha. Nilimjibu kwamba jambo hilo silijui. Ninalolijua kidogo ni namna ya kutoka Dar es Salaam hadi hapa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu, na kama habari hiyo inatosha, nitakuja. Alikubali. Kwa hiyo sitahubiri. Nitasimulia siku yangu ilivyo, gari letu lilivyo, na safari ya juzi ilivyokwenda. Halafu nitakuwa na ombi moja.

Wengi mnanikumbuka nikiwa mlinda mlango wa timu ya bweni letu, na mabao niliyofungwa mnayakumbuka vizuri zaidi. Nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1986. Mwaka 2009 gari nililopanda lilipinduka, uti wa mgongo ukaumia chini ya mbavu, na tangu siku ile miguu yangu haisikii wala haitii. Nilikaa hospitali miezi mitano. Nilirudi kwenye kazi yangu ya uhasibu mwaka uliofuata, na mpaka leo ndiyo inayonilisha.

Watu hudhani kwamba tabu kubwa ya kiti ni kutotembea. Kutotembea mtu huzoea. Tabu kubwa ni muda. Mimi huamka saa kumi alfajiri ili niwe mlangoni saa kumi na mbili. Nahama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kwa kuteleza juu ya ubao wa mninga uliopigwa randa ukawa laini. Ubao huo hauwezi kufanya kazi kitanda kikiwa juu kuliko kiti, ndiyo maana fundi alikata miguu ya kitanda chetu sentimita 8. Mke wangu alilalamika wiki moja kwamba tunalala chini kama wageni wa msiba, kisha akazoea naye.

Halafu kuna haja. Naomba mnisamehe kulitaja jambo hili ukumbini, lakini mtu anayesimulia habari za kiti bila kutaja choo anawaficha nusu ya habari. Mgongo ukiumia namna hii, kibofu nacho hakitoi taarifa kwamba kimejaa. Kwa hiyo natumia mpira maalumu, kwa mikono safi na kwa saa, kila baada ya saa nne hadi sita. Nikichelewa sana mkojo unaweza kurudi na kuharibu figo. Nikiwa mchafu, napata homa. Saa yangu ya mkononi mnayoiona si ya mapambo.

Jambo la tatu ni ngozi. Ninyi mliokaa kwenye viti hivyo mmejigeuza mara kadhaa tangu nianze kusema, bila kujua. Mwili wangu haunikumbushi. Mtu asiyesikia akikaa saa nyingi bila kujiinua, damu haipiti vizuri pale anapokalia, nyama inakufa polepole, na kidonda kinaanza ndani kabla ya kuonekana nje. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza mtu miezi, na wapo waliokufa kwacho. Kwa hiyo kila nusu saa mtaniona nainama mbele hadi kifua kikaribie magoti, dakika moja au mbili. Msidhani nasali. Usiku nakagua ngozi kwa kioo kidogo cha mkononi. Kioo hicho kimeniokoa mara mbili.

Sasa nije kwenye safari. Tunakaa Kimara. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu kuna mita 300 za mchanga na mtaro mmoja. Mchanga ni adui wa magurudumu madogo ya mbele. Yanazama, na mtu anaweza kupigwa mweleka kifudifudi. Nilijifunza kuinua yale ya mbele na kwenda kwa yale makubwa ya nyuma peke yake, na pakinishinda naomba mtu anivute kinyumenyume. Mtaroni jirani zangu waliweka mbao mbili. Kila masika zinachukuliwa na maji, na kila baada ya masika wanaweka nyingine.

Miaka ya kwanza nilitegemea daladala. Vijana, hebu fikirini: kipanya kimejaa, konda ananing'inia mlangoni, halafu chini amesimamishwa mtu na kiti chake. Wapo makonda walionibeba kama ndugu yao. Wapo walioniambia kiti kinakula nafasi ya abiria wawili, nikalipa nauli ya watu wawili. Na wapo waliotazama upande mwingine. Siwalaumu sana, kwa kuwa wanahesabiwa fedha jioni. Lakini kazi yangu ilianza saa mbili, na sikuweza kumwahidi mkubwa wangu kwamba nitafika.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, niliona kwa macho yangu jambo nililokuwa nimelisoma tu. Jukwaa la kituo limejengwa usawa wa sakafu ya basi. Unapanda jukwaani kwa njia ya mteremko, mlango unafunguka, unaingia. Sikubebwa na mtu. Siku ile nilipitiliza kituo changu, nikaenda mpaka mwisho nikarudi, kwa ajili ya kuingia na kutoka tu. Asubuhi watu wakisongamana bado ni vita, na kukifikia kituo chenyewe ni safari nyingine. Hata hivyo nilijifunza kwamba aliyejenga jukwaa lile amenifanyia jambo kubwa kuliko wote walionihurumia, na wala hanijui.

Safari za mbali zilibaki bila dawa. Basi la mikoani lina ngazi tatu nne nyembamba, na hakuna anayesimamisha basi kwa ajili ya mpira wangu. Kwa miaka mingi sikwenda msibani wala harusini nje ya mji. Ndipo mimi, mke wangu na ndugu zangu wawili tulipochanga tukanunua Toyota Hiace ya paa refu, iliyokwisha kutumika Japani. Tulichagua paa refu kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu kichwa chake kiko juu kuliko cha abiria wa kawaida. Tuliondoa viti vya katikati na vya nyuma upande mmoja, na fundi wa kuchomelea akatutengenezea njia mbili za chuma za kupandia kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo nataka kila mwanafunzi hapa aiandike. Kipimo kinachokubalika cha mteremko wa kiti ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Sakafu ya gari letu iko sentimita 60 toka ardhini. Mara 12 ni sentimita 720, yaani mita 7 na ziada. Hakuna gari linaloweza kubeba njia ya urefu huo. Zetu zina mita 2 na sentimita 40, zinakunjika katikati, na mteremko wake ni 1 kwa 4. Peke yangu sipandi. Nasukumwa na mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, na anatweta. Gari lina udhuru, maana linatembea. Jengo halitembei, kwa hiyo halina udhuru.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba breki za kiti zinatosha. Kabla hatujatoka hata mtaani mbuzi alikatiza, mpwa wangu akakanyaga breki, na mimi na kiti changu tukaenda mpaka mgongoni mwake. Sasa kiti hufungwa kwa mikanda minne kwenye vyuma vya sakafuni, miwili mbele na miwili nyuma, nami hutazama mbele, si ubavu. Mimi mwenyewe hufungwa kwa mkanda mwingine, wa nyonga na wa bega, uliofungwa kwenye gari. Mkanda wa mtu usifungwe kwenye kiti peke yake, kwa sababu kiti kikienda kitakwenda naye.

Juzi tulitoka Kimara saa kumi alfajiri. Ndani ya gari mlikuwa na mpira wa akiba wa gurudumu, pampu ya baiskeli, bisibisi, dumu la maji, sabuni, mto wangu, na kiti cha plastiki ambacho fundi alikitoboa katikati, tunachokiita Mheshimiwa. Kiti cha kwanza nilichopewa kilikuwa na magurudumu ya kipimo ambacho maduka ya baiskeli hayakuwa nacho. Pancha moja ilinikalisha ndani siku tisa. Cha sasa nilikichagua kwa sababu kinakubali mpira wa baiskeli ya kawaida. Wadogo zangu, mkija kuwa madaktari au wafadhili, msimpe mtu kiti kabla hamjauliza pancha yake itazibwa wapi.

Chalinze tulipita kunapambazuka. Morogoro tulisimama makusudi, kwa sababu baada ya hapo kuna Mikumi. Barabara inakatiza hifadhini karibu kilomita 50, mwendo ni wa polepole, na hakuna kushuka garini ovyo. Tembo na simba wako kwao. Mtu mzima mwenye kibofu kizima anaweza kusema atavumilia. Mimi nahesabu: Morogoro saa ngapi, mji wa Mikumi saa ngapi, na kati yake matuta mangapi. Kila tuta linafika kwenye mgongo wangu kama barua ya rejista.

Kabla ya hapo tulisimama kwenye kituo kimoja cha mafuta. Vyoo vilikuwa safi, vina maji, na kijana aliyevitunza alikuwa na adabu. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 60. Kiti changu kina 64. Kwa sentimita 4, nilimaliza shida yangu nyuma ya gari, Mheshimiwa chini yangu na kanga mbili za mke wangu zimeshikwa kama pazia, huku malori yanapita. Nina miaka 56 na wajukuu wawili. Yule kijana alisikitika kweli. Nilimwambia amwambie tajiri wake kwamba siku akijenga tena aweke mlango wa sentimita 90. Haumzidishii gharama ya maana, na hata mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi atapita.

Baada ya Mikumi mambo yalikuwa mema. Bonde la mibuyu lilikuwa na joto lake, Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, na mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya lori kwa mwendo wa kobe. Katika kona zile nilisikia mikanda ya mbele ikikaza, kwa sababu uzito wote unarudi nyuma. Ikashika. Ilula ubaridi ukaingia dirishani, na mke wangu akaniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nakumbuka tulivyopita pale tukiwa wavulana, juu ya lori, na masanduku yetu ya mabati. Saa tisa na nusu alasiri tuliona miti ya shule. Kilomita 500, bila jeraha wala homa.

Mbele ya ukumbi huu nikasimama. Kuna ngazi tatu.

Ndugu zangu, nilizipanda ngazi hizi miaka minne, na nawaapia sikukumbuka kwamba zipo. Wenzangu wanne mkanishika mkaninyanyua, mkicheka, mkiniita kwa jina langu la utani. Nilifurahi, na nawashukuru. Lakini nikiwa hewani pale nilimkumbuka mtu, na yeye ndiye aliyenifanya nibadili hotuba hii usiku.

Wa darasa letu mtamkumbuka mwenzetu ambaye polio ilimwachia miguu dhaifu. Alitembea kwa magongo. Bwalo liko bondeni na madarasa yako juu, kwa hiyo tulipeana zamu kumbeba mgongoni, na Mkuu wa Shule wa wakati ule alitusifu mstarini kwa udugu wetu. Katikati ya mwaka 1984 aliondoka, hakurudi. Tulisema masomo yamemshinda, ingawa alikuwa wa tatu katika darasa la watu 40.

Mwaka 2015 nilimtafuta, nikampata. Ana duka la kutengeneza redio na simu Makambako. Nilimpigia nikamuuliza. Akaniambia: "Ninyi mlikuwa watu wema, sina ugomvi na ninyi. Lakini asubuhi nilikuwa sinywi uji, ili saa nne nisimwombe mtu anipeleke chooni. Njaa niliiweza. Kuomba kila siku ndiko kulikonishinda."

Tulimbeba mwaka mmoja na nusu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini hanywi uji.

Jana usiku nimeambiwa jambo jingine. Mwaka huu alichaguliwa kuja hapa kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza anayetumia kiti kama mimi. Mama yake alimleta, akazunguka naye: ukumbi, bweni, choo, bwalo. Kisha akamrudisha nyumbani. Nafasi yake bado haijapewa mtu. Simlaumu Mkuu wa Shule. Ngazi hizi alizikuta, na sisi tuliosoma hapa hatujawahi kuzitaja katika mkutano wowote. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kijana yule kuingia darasani ni haki yake. Haingoji huruma yetu.

Ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, linahusu ajenda namba 5, yaani lango jipya la shule. Michoro nimeiona, ni lango zuri. Naomba lingoje. Lango la sasa ni pana, Hiace yetu imepita bila kusumbuka. Jana jioni niliwaomba vijana wawili wa Kidato cha Tatu wachukue futi kamba wapime ngazi hizi. Ya kwanza ina sentimita 15, ya pili 16, ya tatu 14, jumla 45. Mara 12 ni 540. Tunahitaji njia ya zege yenye urefu wa mita 5 na sentimita 40, upana usiopungua mita moja na robo, na kingo pembeni ili gurudumu lisichomoke. Juu ifagiliwe kwa ufagio wa chelewa saruji ikiwa mbichi. Isisuguliwe ikang'aa, maana mvua za hapa mnazijua. Pili, choo kimoja cha kukaa, mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, na chuma cha kushikia. Tatu, bwalo. Mteremko wake ni mkali, na njia ya zigizaga itachukua fedha nyingi. Kwa hilo napendekeza kijana yule ale katika chumba kilicho jirani na madarasa, pamoja na mezani kwake wote, asile peke yake. Mimi naanza na mifuko kumi ya saruji. Fundi mtamlipa ninyi.

Na ninyi wadogo zangu, kabla njia haijakauka, jifunzeni kusaidia. Uliza kwanza. Usishike kiti cha mtu bila idhini yake, kama vile usivyomshika mtu kiuno ukamsukuma barabarani. Ukinyanyua, shika chuma cha kiti, usishike pa kuwekea mikono, panachomoka. Ukiteremka mteremko mkali, mgeuze ateremke kinyumenyume, wewe ukiwa chini. Na akikuambia "hapana, asante," mwamini.

Watu wakiniona wananipongeza kwa ujasiri. Ujasiri wenyewe ni mdogo. Mengi ni hesabu za saa na za sentimita. Saa zangu nazibeba mwenyewe. Sentimita ziko mikononi mwenu, mnaojenga.

Kesho alfajiri tunarudi. Jioni ya leo nitateremshwa ngazi hizi kama nilivyopandishwa, na nitacheka nanyi. Mwakani Mungu akinijalia nitakuja tena kwa Hiace ile ile, na ningependa kumkuta kijana yule amekaa humu ndani, akiwa amekunywa uji wake.